NDUGU ZETU WAFANYAO KAZI BILA BIMA YA AFYA

Katika toleo hili tumeona vema tuyaweke kando maneno ya vyeo na nyongeza za mishahara, ambayo yamejaza kurasa zetu kwa muda mrefu, tuseme habari ya jambo jingine ambalo kila mwanachama hulilipia karibu kila mwezi, walakini haliandikwi katika hati yake ya mshahara. Nalo ni ugonjwa wa jamaa zetu wasio na bima ya afya.

Tufahamiane tangu mwanzo. Hatusemi hapa habari ya watu wasio na kazi, wala ya wazee wasioweza tena kushika jembe. Twasema habari ya watu wafanyao kazi: kijana wa bodaboda, mama ntilie, fundi cherehani wa barazani, mvuvi, mkulima wa pamba na wa korosho, yaya aleaye watoto wetu, mlinzi wa usiku, na yule bibi afagiaye ofisi kabla ya makarani kufika. Watu hawa huamka alfajiri kama sisi, na wengi huamka kabla yetu, maana ndio watupikiao chai na kutufikisha kazini. Hulipa pango, hulipa ushuru wa soko, hupeleka watoto shule. Hawamwombi mtu. Ila siku mmoja wao akianguka kitandani, kazi husimama na mapato husimama siku ile ile, na gharama za dawa huanza siku ile ile.

Sisi watumishi wa Serikali tuna kadi. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999, na mwaka 2001 mfuko ukaanza kazi, nao ulianza na sisi. Katika kila shilingi 100 za mshahara hutolewa shilingi 6: tatu zatoka kwetu na tatu kwa mwajiri. Karani apataye shilingi 500,000 kwa mwezi hukatwa 15,000, na Serikali huongeza 15,000 nyingine. Kwa fedha hiyo hutibiwa yeye, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne, jumla watu sita. Wako miongoni mwetu wanung'unikao kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya makato haya. Hao twawaomba waende wakakae saa moja mbele ya dirisha la malipo la hospitali yo yote, wasikilize yanayosemwa pale, kisha warudi waendelee kunung'unika kama bado wanataka.

Watu sita ni hesabu nzuri kwa nyumba ya baba, mama na watoto wanne. Lakini nani kati yetu ana nyumba ya namna hiyo? Karani mwenye watoto watatu amebakiwa na nafasi moja tu, naye ana mama mzazi na ana mama mkwe. Tunawafahamu wanachama walioandika jina la mama mzazi, wakakaa mwaka mzima bila kuthubutu kulitaja jambo hilo mbele ya wake zao. Na hao ni wazazi. Kaka mtu mzima auzaye mitumba, dada aliyeolewa na mvuvi, shemeji, mpwa aliyemaliza shule akajiunga na wachimba mchanga, wote wako nje ya kadi. Wako nje ya kadi, bali hawako nje ya ukoo. Wakiugua, simu hulia kwa nani? Hulia kwa yule mwenye kazi ya Serikali.

Basi tusijidanganye kwamba habari hii ni ya watu wengine. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipata watu 61,741,120 katika nchi yetu. Siku zile muswada wa bima ya afya kwa wote ulipokuwa ukizungumzwa, ilitajwa kwamba wenye bima ya namna yo yote walikuwa kama 15 katika kila watu 100. Ukiingia sokoni asubuhi ukahesabu watu 100, 85 kati yao wangekuwa hawana. Nao wengi wao ni watu wa kazi, maana asiyefanya kazi sokoni hafuati nini huko alfajiri.

Vijana wetu waliozaliwa karibuni hudhani mambo yalikuwa hivi siku zote. Hayakuwa. Baada ya uhuru, matibabu katika hospitali za Serikali yalikuwa bure, kwa kuwa maradhi yalihesabiwa miongoni mwa maadui watatu wa taifa pamoja na ujinga na umaskini. Mwaka 1993, fedha za Serikali zikiwa zimepungua sana na hospitali zikiwa hazina dawa wala shuka, ikaanza desturi ya kuchangia gharama. Pamoja na ada hizo kukawekwa msamaha. Msamaha huu ni wa watoto wa chini ya miaka mitano, wa mama wajawazito, wa wazee wasio na uwezo, wa wenye kifua kikuu, ukoma na magonjwa mengine yaliyotajwa, na wa maskini waliothibitishwa.

Hapo ndipo penye shida tunayotaka kuieleza. Msamaha ni wa maskini, na kadi ni ya mwajiriwa. Katikati ya hao wawili wamesimama wale 85, au sehemu kubwa yao. Kwa kipimo cha maskini wao si maskini, maana wana pikipiki, au kibanda, au ekari mbili. Kwa kipimo cha mwajiriwa wao si waajiriwa, maana hakuna awakataye mshahara. Karani wa msamaha huwauliza swali moja tu: Je, unafanya kazi? Nao, kwa kuwa ni watu waungwana wasiopenda kusema uongo, hujibu ndiyo. Na jibu hilo huwafungia mlango.

Tutatoa mfano mmoja. Katika ofisi moja ya wilaya, ambayo hatutaitaja, yuko bibi afanyaye usafi. Hakuajiriwa na ofisi. Aliajiriwa na kampuni iliyopewa zabuni. Mtoto wake wa kiume, mwenye miaka tisa, alishikwa na tumbo usiku. Asubuhi ile mama yake alikuja kazini kwanza, akafagia, kwa kuogopa kukatwa siku. Kisha ndipo akampeleka hospitali. Daktari akasema ni kidole tumbo, apasuliwe. Bibi yule hakuwa na fedha za kutosha. Akapelekwa kwa ofisa wa ustawi wa jamii, akaulizwa lile swali, akajibu ndiyo, tena mbele ya ofisi ya Serikali. Ofisa akamwambia alete barua ya mtendaji wa mtaa. Mtendaji alikuwa mkutanoni.

Siku ya pili ndipo jambo likajulikana ofisini, na karatasi ya mchango ikazungushwa kutoka meza moja hata nyingine. Hapa hatuna budi kuwasifu wenzetu, maana hakuna aliyeiruka. Kufika siku ya nne zilikusanyika shilingi 180,000. Wakati huo kidole tumbo kilikuwa kimekwisha kupasuka. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini alilala hospitali muda mrefu kuliko ilivyopasa, na mama yake aliuza cherehani aliyokuwa akishonea jioni, akabaki na deni. Sasa na tufanye hesabu kama makarani. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipotengenezwa upya mwaka 2018, nyumba ya watu sita ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima, ikatibiwa tangu zahanati hata hospitali ya mkoa. Fedha tulizozitoa kwa siku nne, kwa mtoto mmoja, tena kwa kuchelewa, zingalitosha kuilipia nyumba ile yote kwa miaka sita.

Twalirudia jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha maneno yetu. Sisi tulio na kadi tayari twawalipia wasio na kadi. Twawalipia kwa michango ya hospitali, kwa mikopo isiyorudishwa, kwa nauli za kwenda kuwaona, na mwisho kwa sanda na jeneza. Hakuna mwanachama asiyejua habari ya jamaa waliohangaika kutafuta fedha ili wapewe maiti yao wazike, ingawa viongozi wa Serikali wamekataza mara nyingi maiti kuzuiwa kwa ajili ya deni. Kwa hiyo swali si kama tutatoa au hatutatoa. Tunatoa. Swali ni kama tutatoa mapema, fedha kidogo, mtu angali mzima. Au tutatoa baadaye, fedha nyingi, mtu akiwa amekwisha kuharibikiwa.

Yako maneno ambayo tumeyasikia ofisini, hata vinywani mwa wenzetu wenye elimu, kwamba wananchi hawajiungi kwa sababu hawana elimu ya bima. Maneno haya yana kweli kidogo na dharau nyingi. Kweli yake ni hii: watu wengi huidhani bima kuwa ni upatu. Katika upatu kila mtu hutoa, na kila mtu hufikiwa na zamu yake akapokea. Asiyefikiwa na zamu amedhulumiwa. Basi mtu akilipia bima mwaka mzima asiugue, huona kama zamu yake imeliwa, na mwaka wa pili halipi. Bima haina zamu. Aliyetoa mwaka mzima asiguswe na homa amepata zaidi ya wote, na fedha yake imekwenda kumtibu jirani ambaye mwakani huenda akamtibu yeye. Jambo hili halielezwi kwa tangazo la ukutani. Huelezwa na mtu anayeaminika, akiwa ameketi, tena huelezwa zaidi ya mara moja.

Lakini sababu kubwa si hiyo. Mtu apataye fedha kwa siku hutumia kwa siku. Shilingi 30,000 kwa pamoja ni kitu kingine kabisa kuliko shilingi 600 kwa juma, ijapokuwa kwa mwaka hesabu yake ni karibu sawasawa. Mkulima wa korosho ana fedha akisha kuuza, na miezi ile mingine hana. Ukimletea karatasi ya bima wakati wa palizi umemletea mzaha. Tena yuko mtu aliyelipa, akapewa kadi yake, akaenda nayo zahanati, akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Mtu huyo hana ujinga wo wote. Alinunua kitu hakupewa. Wa kulaumiwa hapo ni duka la dawa la Serikali lililokuwa tupu, na karani wa maagizo aliyechelewesha fomu, ambaye pengine anasoma gazeti hili.

Juu ya hayo, iko hatari moja katika bima ya hiari ambayo yapasa tuifahamu, maana imekwisha kutokea kwetu. Mwaka 2016 ulianzishwa utaratibu wa kadi ya watoto, mzazi akilipa shilingi 50,400 mtoto anatibiwa mwaka mzima. Wazazi wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wengi waliokimbilia kadi ile walikuwa wazazi wa watoto ambao tayari ni wagonjwa, na wenye watoto wazima wakangoja. Mfuko ambao wagonjwa peke yao ndio watoao hauwezi kusimama, kama vile duka haliwezi kusimama likiuza chini ya bei ya kununulia. Mwaka 2023 utaratibu ule, kwa namna ulivyokuwa, ukasitishwa, na wazazi waliokuwa wakiutegemea wakafadhaika. Hatuwalaumu wazazi, ni nani asiyekimbilia maji nyumba ikiungua? Twataka tu ijulikane kwamba bima ya kujiunga upendapo haitawafikisha wengi mbali. Ama wote wanaingia, wazima na wagonjwa, ama mfuko hukauka.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi mwaka 1883. Uingereza ilifuata mwaka 1911, wakati Lloyd George alipokuwa waziri wa fedha, nayo sheria ile ilimtibu mfanyakazi aliyeandikishwa, lakini haikumpa mke wake wala watoto wake daktari. Mwanamume wa kiwandani alikuwa na kadi, na mkewe aliyemfulia nguo hakuwa nayo. Mke aliyaficha maumivu yake ili fedha ya daktari ibaki kwa ajili ya watoto. Mambo yakakaa hivyo miaka 37, hata tarehe 5 Julai 1948, matibabu yalipofunguliwa kwa kila mtu katika nchi ile. Sisi tumeyataja haya si kwa kupenda mifano ya Ulaya, bali kwa sababu kadi iliyo na jina la mfanyakazi na kusahau walio nyuma yake si jambo geni, na haikuondoka yenyewe. Walioiondoa ni watu waliokuwa tayari wana kadi pamoja na wale waliokosa.

Na tusitazame mbali sana. Jirani zetu wa Rwanda walianza vyama vyao vya bima vya vijijini kwa majaribio mwaka 1999, wakaendelea hata wengi wa watu wao wakaingia, wakulima wa kawaida wenye mashamba madogo kuliko ya kwetu. Kila nyumba hupangiwa kiasi kwa uwezo wake, na walio maskini kabisa hulipiwa. Hawakungoja wawe matajiri kwanza.

Kwetu, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo yataka kila mkaazi awe na bima, yamtaka mwajiri awaandikishe watumishi wake, nayo imetaja mahali pa kupatia fedha za kuwalipia wasio na uwezo, kama vile ushuru wa vileo, wa vinywaji baridi na wa vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Sisi twaisifu sheria hii kwa moyo. Walakini kila karani ajua umbali uliopo kati ya sheria iliyopigwa chapa na jina la mtu lililoandikwa katika daftari. Umbali huo hupitiwa na nani? Hupitiwa na sisi. Waziri hatakwenda Namtumbo kumwandikisha mama ntilie. Atakayemwandikisha ni karani, na atakayemzuia asiandikishwe ni karani pia.

Hapa ndipo tunapotaka kuwasemesha wanachama waziwazi. Shida ya kwanza ya mtu wa kawaida si fedha, ni karatasi. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Mke hana cheti cha ndoa, maana alitolewa mahari mbele ya wazee na hakuna aliyeandika. Jina la baba katika kitambulisho ni Hamisi, katika cheti cha mtoto ni Khamis, na karani aliye dirishani anawaona kuwa watu wawili. Mtu akirudishwa mara tatu kwa herufi moja, mara ya nne haji. Hubaki nyumbani angoje ugonjwa. Tangu mwaka 2013 kazi ya kuwaandika watoto wa chini ya miaka mitano imesogezwa karibu na watu katika mikoa mingi, cheti hutolewa zahanati na katika ofisi ya mtendaji wa kata, tena bila malipo. Je, ni wangapi miongoni mwetu waliokwisha kumwambia yaya wa nyumbani kwao habari hii? Kumwambia hakuhitaji kibali cha mkuu wa idara.

Tena iko habari ya zabuni. Zamani mfagiaji, tarishi na mlinzi walikuwa watumishi pamoja nasi, majina yao katika daftari moja na yetu. Sasa katika ofisi nyingi kazi hizo zimepewa makampuni, na mwenye kampuni hushinda zabuni kwa kutaja bei ya chini. Bei ile ya chini hutoka wapi? Haitoki katika sabuni, maana sabuni ina bei yake dukani. Hutoka katika ujira wa yule bibi, na katika bima yake ambayo haikulipwa. Masharti ya zabuni huandikwa na makarani. Hatusemi kwamba karani anaweza kubadili sheria za ununuzi. Twasema anaweza kumkumbusha mkuu wake, kwa barua ya adabu yenye kumbukumbu namba, kwamba sharti la kuwaandikisha wafanyakazi katika bima liwekwe wazi, na kampuni ioneshe risiti kabla ya kulipwa ankra yake. Ofisi ya Serikali kufagiwa na mtu ambaye Serikali yenyewe imesema lazima awe na bima, naye hana, ni aibu ambayo hatuna haja ya kungoja mtu wa nje aje kutuonesha.

Tunajua wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Serikali, na chama cha watumishi kina kazi ya watumishi. Hatukubali. Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na Martin Kayamba alikuwa kiongozi wake. Waliokutana pale walikuwa Wakristo na Waislamu, wa makabila mbalimbali, nao hawakufungwa na mshahara peke yake. Walitazama pia masomo na maendeleo ya watu wao. Wao walikuwa wachache mno, na mishahara yao ilikuwa ya kuchekesha. Sisi tulio wengi, wenye kadi mfukoni, tusiwe na macho mafupi kuliko yao.

Wako wengine wenye neno la haki zaidi. Husema: mimi nakatwa bima, nakatwa pensheni, nakatwa kodi, nina mkopo benki, na kila juma kuna mchango wa harusi, mwanipa mzigo mwingine? Jibu letu ni kwamba twataka kuupunguza ule alio nao. Tawi lenye wanachama 60, kila mmoja akiweka shilingi 2,000 kwa mwezi, litakuwa na 120,000 kwa mwezi, na 1,440,000 kwa mwaka. Kwa ada ile ya 30,000, fedha hiyo ingalitosha nyumba 48. Na kama ada imepanda hata mara tano, bado ni nyumba tisa kamili. Wala fedha hiyo haitolewi sadaka. Twapendekeza iwe ya kutangulizia: tawi linamlipia mtu ada ya mwaka kwa pamoja, kwa wakati unaotakiwa, naye hurudisha kidogo kidogo kwa juma au kwa mwezi, kwa jinsi fedha yake inavyoingia, mkulima hurudisha akisha kuuza. Aliyeshindwa kabisa kurudisha, wadhamini wa tawi watamsikiliza. Fedha ikirudi huenda kwa mwingine. Ukilinganisha shilingi 2,000 hizi na karatasi za mchango ulizotia sahihi mwaka uliopita, utaona ni ipi iliyo nzito.

Hatari zake tunazijua. Fedha ya chama ina tabia ya kupotea. Kwa hiyo isishikwe na mtu mmoja, iwekwe benki kwa sahihi tatu, na hesabu ibandikwe ukutani kila robo ya mwaka mahali ambapo hata mfagiaji ataisoma. Tena isianze na jamaa za viongozi wa tawi. Ianze na wale wafanyao kazi katika majengo yetu wenyewe, ambao tunawaona kila siku na kuwajua kwa majina, au ambao yatupasa kuwajua kwa majina.

Jambo hili litaletwa mbele ya mkutano wa mwaka likiwa hoja, nalo litapigiwa kura kama hoja nyingine. Lakini tawi lipendalo kujaribu halikatazwi kuanza sasa. Mwandishi wa tawi na apite katika ofisi zake aandike daftari: jina la kila mfagiaji, mlinzi, mpika chai na kibarua, watu wangapi wako nyumbani kwake, ni nani kati yao aliye na cheti cha kuzaliwa na ni nani hana, na kama kampuni yake imemwandikisha katika bima au haikumwandikisha. Nakala moja ibaki tawini, na nakala moja iletwe kwa Katibu Mkuu kabla ya mkutano. Wanaoandika kwa mkono waandike kwa herufi kubwa, na majina yaandikwe sawasawa na yalivyo katika vitambulisho.